Uzoefu wangu: nililipia vazi la Kanivali ya Trinidad, na haya ndiyo niliyoyapata

Kila Februari, theluji ikifika magotini hapa Toronto, mama mmoja wa Trinidad ninayefanya naye kazi huanza kuhesabu siku za Kanivali ya kwao, sherehe kubwa ya mitaani katika kisiwa hicho cha Karibi. Mwaka 2024 nilichoka kuhadithiwa. Niliomba likizo ya siku 10, nikakata tiketi ya Port of Spain, mji mkuu wao, na kulipia vazi ili nicheze mas, yaani niingie barabarani na kundi lenye sare, siyo kusimama pembeni nikitazama. Mimi ni mtu wa Tanga, na kwetu ngoma ya baikoko ikianza mtaani hakuna anayelala. Nilidhani shangwe naijua.

Nianze na fedha, maana ndicho wengi mnachoniuliza. Makundi makubwa hutangaza mavazi yao miezi mingi kabla. Unachagua rangi, unatoa malipo ya awali, unamalizia kidogo kidogo. Vazi la mstari wa mbele, lenye manyoya mengi mgongoni, ndilo ghali zaidi. Nilichukua la nyuma na bado lilinitoka dola 850 za Marekani. Bei hiyo ilikuwa pamoja na chakula na vinywaji vya siku mbili, lori la muziki, walinzi wanaozungusha kundi kwa kamba, na vyoo vinavyovutwa na gari nyuma ya msafara. Hivyo vyoo msivipuuze, hasa akina dada.

Kulichukua vazi ndiko kulikoniudhi. Nilipanga foleni saa nne nzima, na nilipofungua mfuko nikakuta taji lina rangi tofauti na ile ya kwenye picha, kipambo cha mguu mmoja hakimo, na shanga za mkanda zinapukutika nikizigusa tu. Msichana wa mapokezi aliniambia niandike barua pepe. Niliandika, jibu likaja wiki tatu baada ya sikukuu. Aliyeniokoa ni mama mwenye nyumba niliyopanga mtaa wa Woodbrook. Alikaa na binti yake hadi usiku wa manane, wakizirudishia shanga zangu kwa mshipi wa kuvulia samaki, na hawakukubali hata senti.

Jumatatu na Jumanne kabla ya Kwaresima ndizo siku zenyewe. Mwaka ule ziliangukia tarehe 12 na 13 Februari. Jumanne tulisubiri juani kwa muda wa karibu saa tatu kabla ya kupanda jukwaa la Queen's Park Savannah, uwanja mkubwa wa wazi mjini, kwa kuwa makundi hupita moja baada ya jingine. Jukwaani penyewe tulikaa dakika chache tu. Lakini zile dakika! Watu elfu kwa pamoja, vumbi, manyoya yote juu, na mama wa makamo pembeni yangu akilia kwa furaha. Kwa dakika zile sijutii dola hata moja. Kwa huduma ya kundi natoa nyota 3 kati ya 5.

Juvei, sherehe ya alfajiri inayofungua Kanivali, ndiyo ningemwambia kila mtu ailipie kwanza. Huandikwa J'ouvert, neno lenye asili ya Kifaransa la mapambazuko, na huanza kama saa 10 alfajiri ya Jumatatu. Nililipa dola 100, nikapewa fulana, kikombe na tope la kujipaka. Wengine hujipaka rangi, wengine mafuta meusi au chokoleti. Kukipambazuka hujui nani tajiri, nani maskini, nani mgeni. Sherehe hii ina mizizi kwa watu waliotoka utumwani na maandamano yao ya mienge, Canboulay. Mwaka 1881 polisi walipotaka kuyazima, watu waliwakabili kwa fimbo. Ijumaa kabla ya Kanivali tukio hilo huigizwa mjini kabla jua halijachomoza. Nililiona na mwili ulinisisimka. Nenda ulione kabla hujavaa manyoya, utajua unachezea nini.

Kilichonivutia kuliko vyote, na ambacho hakikunigharimu kitu, ni mazoezi ya pani, yaani ala za chuma zinazotokana na mapipa ya mafuta. Usiku bendi hukutana kwenye viwanja vyao, na mtu yeyote huingia akasimama katikati ya wapigaji. Ngoma zilipobanwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1880, vijana walihamia kwenye vipande vya mianzi vilivyogongwa chini. Miaka ya 1930 wakaingiza vyuma, na baadaye pipa la mafuta likafinyangwa kwa nyundo mpaka kila kipande cha uso wake kikatoa noti yake. Nilisimama hatua mbili kutoka kwa kijana mwenye mapipa sita peke yake, akizunguka kama anayecheza, na besi niliisikia kifuani kabla ya masikioni. Bendi kubwa za fainali ya Panorama, mashindano ya bendi za pani, huwa na wapigaji wapatao 100 au zaidi, kwa wimbo wa dakika nane. Hakuna anayesoma karatasi. Yote yamo kichwani. Nilirudi usiku nne mfululizo.

Chakula msikihofie. Kifungua kinywa changu kilikuwa doubles: vipande viwili vya unga laini uliokaangwa, katikati dengu za mchuzi wa binzari na pilipili, kwa bei isiyozidi sana dola moja ya Marekani. Ni urithi wa Wahindi waliofikishwa kisiwani kuanzia mwaka 1845 kufanya kazi mashambani. Malazi ndiyo hupanda bei sana wiki hiyo, na wengi hawakupangishi chini ya siku tano, kwa hiyo tafuteni mapema.

Jumatano ya Majivu nilikwenda ufuko wa Maracas kula papa wa kukaanga ndani ya mkate wa kuumuka, akiwa na chachandu ya ukwaju. Sisi Tanga papa tunamjua mkavu, wa kupikwa kwa nazi. Huyu hakuwa amekaushwa, alikuwa laini, nami nilikula mikate miwili. Vazi niliacha kwa binti wa mwenye nyumba. Manyoya yasingeingia begini, naye alikwishayaulizia tangu ule usiku wa kushona.