Dawa ya mathenge: uzoefu wangu baada ya misimu minne

Nina ekari tatu na nusu karibu na Marigat, Baringo, na kwa miaka mingi nilikuwa nazo kwenye karatasi tu. Shamba lenyewe nililoweza kulifikia lilikuwa ekari moja. Kwingine kote kulikuwa mti wa mathenge, miba imeshikana, mbuzi akiingia unamsikia analia ndani na humfikii bila panga. Leo zaidi ya ekari mbili zina nyasi zinazonifika magotini, na wapita njia husimama kuniuliza nilinunua dawa gani ya kuua mathenge. Nimeona niandike, kwa sababu jina la dawa pekee halitamsaidia mtu. Mimi nilinunua dawa mara mbili kabla ya kujua kuitumia.

Kwa msiofuga huku, mathenge si mti wa kwetu. Asili yake ni Amerika ya Kati na nchi jirani zake. Kenya ulipandwa kwenye machimbo ya Bamburi, Mombasa, mwaka 1973, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukaletwa Baringo ili tupate kuni na kivuli, na udongo usipeperushwe na upepo. Kuni tulizipata kweli. Lakini maganda yake ni matamu, mbuzi wanayapenda, na ile sukari inawaozesha meno. Mwaka 2006 ndugu zetu Wailchamus, wafugaji wa huku Baringo, walimpeleka mbuzi kibogoyo mahakamani Nairobi kama ushahidi. Mwaka 2008 serikali ikautangaza mti huu kuwa gugu hatari. Mimi mwenyewe nimeuza mbuzi wazuri kwa bei ya kutupa kwa sababu hawakuweza tena kutafuna.

Nilianza na panga, kama kila mtu. Wachoma makaa walikuja, wakakata kwa urefu wa goti, wakaenda na magunia yao. Mvua ya Aprili iliponyesha, kila kisiki kilitoa machipukizi kumi, kumi na matano, yenye miba mirefu kuliko ya mti uliokatwa. Macho ya kuchipua yamejificha pale shina linapokutana na mzizi, chini ya udongo. Ukikata juu yake umeupogolea tu.

Dawa ya kwanza niliuziwa katika duka moja la agroveti. Nilieleza shida yangu, nikapewa glaifoseti na maneno kwamba inaua kila kitu. Nilijaza pampu ya mgongoni nikapulizia majani. Nyasi kidogo zilizokuwa chini zikafa zote. Mathenge wakakauka majani, wakapukutisha, na baada ya mvua wakarudi. Kibaya zaidi, ardhi ilibaki tupu, na mbegu za mathenge zilizokuwa zimelala udongoni zikaota kwa wingi kuliko nilivyowahi kuona, maana hapakuwa na nyasi ya kushindana nazo. Kwa mfugaji anayetaka malisho, dawa hiyo siipendekezi hata kidogo kwa kupulizia ovyo.

Afisa wa kilimo wa wadi ndiye aliyenitoa gizani. Aliniambia, "Mama, usiulize chapa. Geuza chupa usome kiungo." Akanitajia triklopiri. Dawa hii huiga homoni ya ukuaji ya mimea yenye majani mapana; mmea unakua kwa vurugu, unajipinda, unajimaliza. Nyasi haziumii kwa namna hiyo. Kwangu hilo ndilo lililokuwa muhimu: niliihitaji dawa inayochagua.

Aina niliyonunua inachanganywa na dizeli. Maji hayapenyi gome la mathenge, mafuta yanapenya. Vipimo fuateni lebo, vinatofautiana kati ya dawa na dawa, na hakikisheni lebo ina namba ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali inayosajili dawa za kilimo. Bila namba hiyo, rudisheni chupa.

Kazi yenyewe tunaifanya hivi. Kijana mmoja anakata shina karibu kabisa na ardhi. Mimi niko nyuma yake na kopo na brashi. Ukitazama kisiki kibichi utaona katikati kuna mti mgumu wa rangi ya kahawia iliyoiva, na kuuzunguka kuna duara jembamba la rangi ya manjano hafifu, karibu na gome. Dawa inapakwa kwenye duara hilo, na kwenye gome mpaka linapoingia udongoni. Katikati pale pamekufa, ukimimina dawa umemwaga pesa. Kwanza unapangusa vumbi la mbao, na unapaka papo hapo. Kisiki kikikaa, jeraha linajiziba.

Msimu huo niliweka alama ya chokaa kwenye visiki 60. Baada ya mvua, 52 havikutoa hata jani. Vinane vilichipua, na ninavijua vilikuwa vipi: ni vile tulivyokata kabla ya chakula cha mchana na kuvipaka tuliporudi.

Machipukizi membamba, yasiyozidi kifundo cha mkono, hatuyakati. Tunapaka gome kavu kuzunguka shina lote, kutoka ardhini hadi kama sentimita thelathini. Ukiacha upande mmoja, upande huo unabaki hai. Wiki za kwanza huoni kitu na moyo unauma. Halafu majani yanajikunja, yanageuka manjano, na gome linaanza kupasuka. Vijana wangu wana haraka. "Mama, hii ishakufa." Nawaambia, "Kwaruza, mwanangu." Unakwaruza gome kwa ukucha; ukiona kijani kibichi, bado uhai upo.

Gharama? Dawa haikunitisha kama dizeli, iliyokuwa imepita shilingi 150 kwa lita. Ndiyo maana brashi na kopo vilinifaa kuliko pampu. Mwenye kichaka cha ekari ishirini apige hesabu vizuri kabla hajaanza.

Mathenge walipoondoka, nyasi nilizopanda zikavamiwa na kishona nguo, mchicha mwitu na mbigili. Hapo nilitumia 2,4-D, ambayo nayo inaacha nyasi na kuua majani mapana. Ilifanya kazi vizuri kwa magugu machanga yenye majani machache. Kwa yale yaliyokwisha kutoa maua ilikuwa kazi bure. Lakini dawa hii ndiyo iliyoniletea aibu yangu kubwa. Nilipulizia saa tisa alasiri, upepo wa Ziwa Baringo umeanza, nikajiambia ni mdogo. Siku chache baadaye mipapai minane ya jirani yangu ilikuwa na majani yaliyojikunja kama makucha ya kuku, vikonyo vimepinda. Nilikwenda kwake asubuhi, nikamwambia ni mimi, nikamlipa. Mipapai, nyanya, pilipili, matikiti, maharagwe, vyote ni majani mapana, na huku kando ya mashamba ya umwagiliaji ya Perkerra vimetuzunguka. Tangu siku hiyo napulizia alfajiri tu, hewa ikiwa imetulia, nozeli imeinamishwa chini. Triklopiri ya kuchanganya na dizeli nayo ina mvuke wake jua likiwa kali, na Marigat jua halina huruma.

Glavu za raba, gambuti, miwani na suruali ndefu, kila mara, hata ukitoka jasho namna gani. Kopo la dawa lisirudi jikoni. Mbuzi wasiingie kabla ya muda ulioandikwa kwenye lebo kuisha. Mti uliopakwa dawa mimi siutumii kwa kuni wala makaa. Unasimama mpaka uoze.

Ningeinunua tena? Triklopiri, ndiyo, bila kusita, kwa visiki na machipukizi. 2,4-D, ndiyo, kwa uangalifu wa mtu aliyebeba moto. Lakini msinunue yoyote kama hamna mbegu za nyasi tayari nyumbani na ua wa kuzuia mifugo. Mbuzi akila maganda kwa jirani, anakuletea mbegu ndani ya kinyesi, zimeshalainishwa tayari kuota. Bado nang'oa miche kila wiki mvua inaponyesha. Ikiwa na majani manne inatoka kwa vidole viwili.

Kando ya kijito sijapaka tone. Triklopiri hii ya dizeli inaua samaki, na maji yale yanashuka hadi ziwani. Huko tunachimba kwa sururu, mpaka chini ya shingo ya mzizi. Mwezi uliopita tulitoa visiki kumi na saba. Vimebaki kama arobaini.