Ubongo wa plastiki wa 95,000: uzoefu wangu wa miezi minne

Niko mwaka wa pili wa utabibu hapa Mbeya. Kilichonitoa jasho si mifupa wala mishipa, ni yale maneno ya kuelekeza kitu kilipo ndani ya ubongo: rostrali (upande wa pua), kaudali (upande wa mkia), dorsali (upande wa mgongo), ventrali (upande wa tumbo). Nayakariri usiku, asubuhi yameshahama. Nikajichanga, nikaagiza modeli kutoka Dar, 95,000 pamoja na nauli ya basi, nikaipokea stendi ya Nane Nane boksi likiwa limebonyea kona.

Ina vipande 8 vinavyoshikana kwa sumaku. Hapo hela yangu ilirudi. Ukiifungua unaziona sehemu za ndani: talamasi mbili, kila moja ubavuni mwa ventrikali ya tatu (uwazi wenye maji katikati ya ubongo), na haipotalamasi chini yake. Hipokampasi imejificha upande wa ndani wa lobu ya temporali (sehemu ya ubongo iliyo ubavuni), amigdala ikiwa mbele yake kidogo. Kwenye picha ya kitabu nilikuwa naona rangi tu.

Janga ni kijitabu chake. Mshale wa dorsali umechorwa ukielekea juu kila mahali, hadi kwenye shina la ubongo, sehemu inayouunganisha na ugwe mgongo! Angekuwa ng'ombe ningekubali: pua mbele, mkia nyuma, mgongo juu. Maneno yenyewe yanamfaa yeye, kwani kwa Kilatini rostrum ni mdomo wa ndege na cauda ni mkia. Binadamu amesimama, na mhimili wake umejikunja kwenye ubongo wa kati, karibu nyuzi 90. Kwa hiyo dorsali ya ubongo wa mbele ni utosini, ila ya shina la ubongo na ugwe mgongo ni kisogoni. Serebelamu (ubongo mdogo) iko dorsali ya ponsi, ambayo ni sehemu ya shina hilo, yaani nyuma yake. Mimi niliandika "juu" kwenye jaribio, nikala sifuri.

Kilichonifungua macho ni mrija wa soda, ule wenye kikunjo. Piga mstari wa biki upande mmoja, huo ndio dorsali, ukunje mstari ukibaki nje: sehemu iliyolala mstari uko juu, iliyosimama uko nyuma. Mrija wenyewe nilipewa bure dukani Uyole.

Sumaku za upande wa kushoto ni dhaifu, lobu inadondoka ukiinyanyua kwa mkono mmoja. Hilo nalivumilia. Muuzaji nilimtumia picha ya mshale na maelezo marefu, akanijibu, "Pole ndugu, vipande vyote si vimefika?"