Dagaa wa Kigoma ni yupi? Mwongozo wa kununua usiuziwe jina

Kabla hujauliza bei, omba dagaa watatu. Muuzaji mkweli hakunyimi dagaa watatu. Waloweke kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 mpaka walainike, kisha mlaze mmoja kiganjani na uliinue pezi la mgongoni kwa ncha ya kijiti. Likiwa katikati ya mgongo, unaye dagaa wa Kigoma, ndugu yake lumbu, au dagaa wa bahari. Likiwa limerudi nyuma, limekaa juu ya lile pezi la chini lililo karibu na mkia, huyo si wa Tanganyika, mara nyingi ametoka Ziwa Victoria, hata kama gunia limeandikwa KIGOMA kwa rangi nyekundu.

Nimekulia Ujiji, na ndugu zangu walioko Tabora, Dodoma na Dar es Salaam hunitegemea kwa dagaa. Lakini safari moja nilifika Dar mikono mitupu, nikaona aibu kuingia kwa mama mkubwa hivyo, nikanunua kilo mbili kwenye kibanda kimoja kwa bei ile ile ya juu ya dagaa wa kwetu. Mama mkubwa aliwamimina kwenye beseni la maji, akachovya mkono, akaniangalia: "Mwanangu, hawa umewatoa wapi?" Chini ya beseni palikuwa na mchanga wa kujaza kijiko. Wa juu ya mfuko walikuwa wa kwetu. Wa chini, zaidi ya nusu, walikuwa wa Mwanza. Tangu siku hiyo nikisikia mtu anasema dagaa ni dagaa tu, roho inaniuma. Tofauti ipo, na kwenye bei ndiyo kubwa zaidi.

Mimi nawapanga hivi.

Nafasi ya kwanza nawapa dagaa wenyewe wa Ziwa Tanganyika, waliokaushwa kwenye vichanja. Kitaalamu ni Stolothrissa tanganicae, samaki wa jamii moja na saradini wa baharini, na asili yake ni ziwa hili peke yake. Ni mwembamba, mweupe wa kung'aa, na akikomaa anakaribia urefu wa kidole chako cha kati. Usitegemee urefu pekee, maana hata wetu wapo wadogo. Tazama mdomo pia: ni mdogo, na taya la chini limeelekea juu kidogo. Mvunje mgongo. Aliyekauka vizuri hukatika kwa mlio, na mafuta kidogo hubaki vidoleni. Anayejikunja kama kamba bado ana maji, na ukimweka wiki mbili atakuotea ukungu.

Harufu iwe ya samaki mkavu, isiwe kali ya kuchoma pua. Rangi ikiwa ya kahawia au nyekundunyekundu, aliloa mvua akiwa juani, au amekaa stoo muda mrefu. Anaendelea kuitwa dagaa wa Kigoma kihalali, lakini usimlipie bei ya mweupe.

Ukiwa Kigoma mjini, nenda mwaloni mwenyewe, wavuvi wanakoshusha samaki, Kibirizi au Katonga, asubuhi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa hiyo inahitaji giza. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wengi hupumzika, kwa hiyo siku hizo ukiambiwa "wametoka ziwani jana usiku", chunguza mara mbili. Uliza pia kama ziwa limefungwa. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano na Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wazaliane. Katika kipindi kama hicho dagaa wa akiba wapo sokoni na si kosa kuwanunua. Anayekuambia ni wapya, huyo anakudanganya.

Wapo wanaolalamika kwamba dagaa wa Kirando au Karema wanauzwa kama wa Kigoma. Hilo mimi silihesabu kuwa udanganyifu. Ziwa ni lile lile, samaki ni yule yule, na jina la Kigoma limeshakuwa jina la dagaa wa ziwa zima. Nitakalolipigania ni samaki mwenyewe.

Nafasi ya pili ni lumbu, Limnothrissa miodon, naye wa jamii hiyo hiyo. Mwili wake ni mpana zaidi, na akiachwa akue anaweza kufika sentimita 17. Lumbu wachanga wakichanganyika na dagaa, hata mimi huwa natumia muda kuwatenganisha, na kwa mlaji wa kawaida hasara ni ndogo. Huyu ndiye aliyepandikizwa Ziwa Kivu na bwawa la Kariba, akazaliana huko. Kwa hiyo lumbu kutoka Kariba ni samaki halali kabisa, ila hajaonja maji ya Tanganyika. Lumbu mkubwa ni mtamu akichomwa. Mlipie bei ya lumbu.

Ya tatu ni dagaa wa Mwanza, na hapa naomba nieleweke: ni chakula kizuri, na watoto wengi wa nchi hii wamekuzwa nacho. Jina lake la kitaalamu ni Rastrineobola argentea, na undugu wake uko kwa ningu, hauko kwa saradini. Wengi wanaishia pingili mbili za kidole. Tatizo ni wale wanaoanikwa mchangani. Watafute waliokaushwa kwenye chanja, na uwanunue kwa jina lao na bei yao, ambayo ni ya chini.

Dagaa wa bahari utawatambua haraka: pua imechomoza mbele ya mdomo, na mdomo wenyewe umepasuka mpaka nyuma ya jicho. Wengi huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, basi ukionja kichwa utaijua chumvi.

Mwisho kabisa ni mchanganyiko, na huo usiuchukue kwa bei yoyote. Ni mbuzi kwenye gunia kweli kweli. Wa juu hupangwa wakapendeza, kwa hiyo ingiza mkono hadi chini, toa konzi, uilinganishe na ya juu. Muuzaji akikushika mkono, nenda meza nyingine.

Zile kilo mbili za Dar hatukuzitupa. Tulikaa na mama mkubwa barazani, sinia katikati, tukachambua pezi kwa pezi hadi magharibi. Wa kwetu walitoka mabakuli mawili, akawapika peke yao kwa mawese, nyanya na pilipili mbuzi, tukala na ugali wa muhogo. Wale wengine aliwaosha maji manne mpaka mchanga ukaisha, akawakaanga kesho yake.