One Deep River ya Mark Knopfler: uzoefu wangu kutoka mwisho wa reli

Nitasema mapema ili asiyetaka kusoma mpaka chini asipoteze muda: mpenzi wa gitaa asiikose albamu hii. Anayetafuta roki ya kumrusha kwenye kiti hataipata humu, na nitaeleza kwa nini mimi sikuitafuta.

Mark Knopfler ndiye mtunzi, mwimbaji na mcharazaji wa gitaa la solo wa Dire Straits, kundi la Uingereza lililotikisa dunia mwaka 1985 kwa Brothers in Arms, albamu iliyouza nakala zaidi ya milioni 30. Tangu 1996 anatoa albamu kwa jina lake mwenyewe. One Deep River ilitoka tarehe 12 Aprili 2024, yeye akiwa na miaka 74, na ukiacha muziki aliotungia filamu, ni ya kumi. Ina nyimbo 12. Ilirekodiwa London katika studio yake, British Grove, na aliisimamia pamoja na Guy Fletcher, mpiga kinanda aliyekuwa naye tangu enzi za Dire Straits.

Mimi nilimjua kwa kanda. Miaka ile, kota za reli hapa Kigoma, nyumba yenye redio kaseti ilikuwa na Franco, ilikuwa na Mbaraka Mwinshehe, ilikuwa na Tabora Jazz aliyoiimbia Shem Karenga wa kwetu. Nyumbani kwetu baba mdogo akaongeza Dire Straits. Kiingereza kilitupita pembeni, lakini lile gitaa lilitukamata sote, wakubwa kwa wadogo, na hakuna aliyehitaji kufasiriwa.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu naamini msikilizaji wa ukanda huu ana nafasi nzuri ya kuielewa albamu hii kuliko anavyodhani. Knopfler hapigi nyuzi kwa kile kipande cha plastiki wanachoshika wapigaji wengi wa roki. Anatumia vidole vitupu: gumba na viwili vinavyofuata. Noti zake hazikwaruzi. Moja inatoka nzito, inayofuata imeguswa tu ikaachiwa, na ukisikiliza kwa makini unasikia kabisa ngozi ya kidole ikiuacha uzi. Sasa hiyo kwetu ni habari ya zamani. Ng'ambo ya ziwa, Katanga, Jean-Bosco Mwenda alikuwa akipiga gitaa kwa gumba na kidole cha shahada huku akiimba kwa Kiswahili. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, alimrekodi mwaka 1952 katika mji wa Jadotville, ambao leo ni Likasi. Franco naye alinyofoa nyuzi kwa vidole. Masikio yetu yalifundishwa mapema kusikiliza gitaa linalosema, na Knopfler anasema kwa gitaa kuliko anavyosema kwa mdomo.

Kuna mzee mmoja wa Ujiji aliyewahi kupiga gitaa la rizimu katika bendi za dansi. Nilikwenda kumwamkia, nikamwekea hedifoni masikioni na kumwomba asikilize nyimbo mbili tatu. Alisikiliza amefumba macho. Alipozivua hakuzungumzia ufundi wa vidole hata kidogo. Alinionyesha jambo ambalo lilikuwa limenipita: mtu huyu akiimba, gitaa linanyamaza au linanong'ona tu, akimaliza mstari, ndipo gitaa linajibu, na jibu haliwi refu kuliko swali. Kwa maneno ya mzee, huo ni upigaji wa mtu asiyegombania nafasi na mtu yeyote, hata na yeye mwenyewe. Tangu siku hiyo siwezi kuusikiliza wimbo wowote humu bila kuyafuata hayo majibu.

Na hapohapo ndipo penye tatizo kwa baadhi yetu. Sisi tumezoea wimbo wenye sehemu mbili: hadithi kwanza, halafu magitaa yanachemka na watu wanainuka. Humu hakuna sebene. Wimbo unaanza mwendo wa taratibu na unaisha mwendo wa taratibu, na ukikaa kuisubiri ile sehemu ya pili utasubiri mpaka albamu iishe. Jirani yangu mmoja, mpenzi mkubwa wa dansi, aliniambia waziwazi kwamba anasikia utangulizi tu, wimbo wenyewe hauji. Simlaumu. Lakini mimi nimefika mahali ambapo huo utangulizi ndio ninaoutaka.

Wimbo ulionishika kuliko yote ni Tunnel 13, na lazima niseme habari yake maana ukiijua utausikia tofauti. Ni kisa cha kweli. Tarehe 11 Oktoba 1923, ndugu watatu wa ukoo wa DeAutremont waliivamia treni ya Southern Pacific kwenye handaki namba 13, katika milima ya Siskiyou, kusini mwa jimbo la Oregon, Marekani. Walidhani behewa la posta limejaa fedha. Baruti waliyotega ilikuwa nyingi mno, behewa likalipuka na kuungua, nao wakakimbia mikono mitupu. Walikuwa wameua watu wanne: dereva, mchochea moto, mtu wa breki na karani wa posta. Walisakwa kwa miaka, wakatiwa mbaroni mwaka 1927.

Knopfler anakisimulia kisa hiki bila kupandisha sauti. Hapigi kelele pale baruti inapolipuka, hamlilii mtu, hamtukani mtu. Anakwenda nacho kama mtu anayesoma ripoti aliyoiandika mwenyewe, na kwa kweli kabla ya muziki aliwahi kuwa mwandishi wa habari katika gazeti la Yorkshire Evening Post, mjini Leeds. Mimi niliyekulia kota za reli, mtoto wa mfanyakazi wa reli, nilipowawaza wale wanne ilinibidi nisimamishe wimbo. Watu wanaoimba kuhusu ujambazi wa treni kwa kawaida humwimba jambazi. Nami katika masimulizi haya tulivu nilipata nafasi ya kumwaza mtu wa breki aliyetoka nyumbani asubuhi kwenda kazini. Nimesoma pia kwamba mbao za redwood zilizoshikilia handaki lile baadaye zilitafutwa sana na mafundi wa kutengeneza magitaa, na nikishawaza hivyo, sauti ya gitaa la wimbo ule inaniingia zaidi.

Hiyo kazi ya gazeti inarudi tena katika Black Tie Jobs. Hizo ni kazi za tai nyeusi, pale mwandishi kijana anapotumwa kwenye nyumba iliyofiwa kwenda kuomba picha ya marehemu na maneno mawili matatu ya wafiwa. Huku kwetu msibani mtu hukaa kwanza, hupeana pole na wenzake, ndipo husema lililomleta. Kumtuma kijana agonge mlango, achukue habari na kuondoka ni jambo zito, na uzito huo umo ndani ya wimbo, katika jinsi anavyolitamka kila neno kana kwamba bado lina deni. Ni mtunzi mkongwe tu anayeweza kukumbuka kazi yake ya ujana kwa namna hii, bila kujitetea na bila kujipamba.

Two Pairs of Hands unafungua albamu kwa mdundo unaotembea vizuri, na unahusu mtu aliyeko jukwaani mwenye mambo mengi kuliko mikono aliyonayo. Mwanamuziki yeyote aliyewahi kuongoza bendi huku akipiga na kuimba ataucheka na kuupenda. Scavengers Yard ndio wenye gitaa chafu zaidi, na kama uliipenda Dire Straits ya zamani anza nao. Watch Me Gone ni wimbo wa kuaga: kijana anaondoka kufuata muziki, aliye naye anabaki. Nyuma yake wanaitikia akina dada wawili wa ukoo mmoja, Emma na Tamsin Topolski, sauti zao zikiwa zimewekwa mbali kidogo, na ule umbali ndio unaoumiza.

Wimbo wa mwisho ndio uliobeba jina la albamu. Mto wenyewe ni Tyne. Knopfler alizaliwa Glasgow mwaka 1949, lakini alikulia upande wa Newcastle, na Newcastle ukiiendea kutoka kusini unaingia kwa kuvuka Tyne. Ukivuka kwenda kusini unaondoka kwenu. Ukivuka kurudi umefika. Mtu wa Kigoma anayepanda barabara ya Tabora anaujua vizuri mto wa namna hiyo. Kwetu ni Malagarasi. Tulioishi kabla ya Daraja la Kikwete tunakumbuka masika yalivyoweza kuifanya safari ya kwenda upande wa pili iwe ndefu kama ya nchi nyingine, na leo basi likishaingia darajani kutoka mashariki, watu huanza kupiga simu nyumbani. Sikutegemea wimbo wa mzee wa Uingereza unikute hapo. Umenikuta.

Katikati ya albamu kuna kulegea. Smart Money, Janine na Sweeter Than the Rain ni nyimbo nzuri ukizikuta mojamoja, ila zikifuatana na nyingine za mwendo uleule zinaanza kuchanganyikana, na nadhani mbili tatu zingepunguzwa albamu ingesimama imara zaidi. Sauti ya Knopfler nayo imeshuka. Haijawahi kuwa sauti ya kupanda milima, lakini sasa iko chini kabisa, karibu na mazungumzo, na mara nyingine anaumaliza mstari kwa pumzi. Mimi naipenda hivyo. Nyimbo za watu waliochoka na waliosafiri zinaimbika vizuri kwa sauti iliyosafiri, na kijana wa miaka 25 asingeweza kuniaminisha Before My Train Comes hata angeimba vizuri namna gani.

Usipuuze wanaompigia. Greg Leisz anapiga stili gitaa, lile linalolazwa mbele ya mpigaji huku kipande cha chuma kikitelezeshwa juu ya nyuzi, na mara nyingi ndilo linaloijaza nafasi ambayo Knopfler ameiacha wazi. Besi ya Glenn Worf iko chini sana na haijionyeshi. John McCusker na fidla yake, pamoja na filimbi ya Mike McGoldrick, wanaileta harufu ya muziki wa kiasili wa Uskoti na Ireland kidogokidogo, bila kuumwaga.

Kuna jambo moja la pembeni ambalo halitoki kichwani mwangu. Tarehe 31 Januari 2024, miezi michache kabla albamu haijatoka, Knopfler aliuza magitaa yake zaidi ya 120 kwa mnada wa Christie's, London. Zilipatikana pauni zaidi ya milioni 8, na robo yake ikaenda kwa mashirika ya hisani. Mtu anayeachia vyombo vyake huku akitoa kazi mpya yenye upigaji wa kubana namna hii, kwangu ni mtu anayejua hasa anachobaki nacho. Ukisikiliza albamu ukiwa unajua habari hiyo, ile nidhamu aliyoisema mzee wa Ujiji inapata maana nyingine.

Sasa ya matumizi. CD yake sijaiona ikiuzwa madukani Kigoma, kwa hiyo nimeisikiliza kwa simu, kwa programu ya kulipia kwa mwezi. Nashauri uipakue yote usiku mtandao ukiwa umetulia, kisha usikilize bila intaneti, maana muziki huu ukikatika katikati ya ukimya hujui kama ni yeye amenyamaza au ni bando. Spika ya simu inaiua kabisa. Besi inapotea na vile vinong'ono vya gitaa havisikiki. Zile spika za bluetooth zenye kudunda sana nazo zinaifunika sauti yake, kwa hiyo shusha besi. Hedifoni za kawaida, hata za bei ya chini, zinatosha, mradi pande zote mbili zinafanya kazi, kwa sababu gitaa na stili vimewekwa upande huu na upande ule na wanajibizana.

Asiyejua Kiingereza sana asiogope. Atafute habari ya Tunnel 13 na ya mto Tyne kwanza, nyingine aziache gitaa limweleze. Mwenye bando dogo aanze na Scavengers Yard, Tunnel 13, Black Tie Jobs na wimbo wa mwisho. Hizo nne zikimgusa, arudi kuichukua nzima. Lipo pia toleo la gharama zaidi lenye nyimbo za ziada, na kwa maoni yangu mtu hahitaji kuanza nalo. Mimi naipa nyota nne kati ya tano, ile moja nikiwa nimeikata kwa sababu ya huo ulegevu wa katikati.