Most na Soči: uzoefu wangu wa njia ya akiolojia

Kwa wanaopenda historia kuliko maduka, kijiji hiki cha magharibi mwa Slovenia kinastahili siku nzima. Nilifika kwa treni kutoka mji mdogo wa Bohinjska Bistrica, kwenye reli iliyofunguliwa mwaka 1906 inayopita handaki la zaidi ya kilomita 6. Kituo kiko nje kidogo ya kijiji, basi vaa viatu vya kutembelea.

Njia yenyewe ya akiolojia, yaani ya kutembelea mabaki ya watu wa kale, huzunguka kijijini, na vibao vyake vinakueleza uliposimama palikuwa na nini. Hapa mto Idrijca unaingia mto Soča, kwa hiyo jina linaeleweka upesi: Daraja la Soča. Lakini wazee waliozaliwa hapa walizaliwa Sveta Lucija, Mtakatifu Lusia, jina la kanisa lao. Waitalia walipotawala waliita Santa Lucia. Kisha ikaja Yugoslavia ya kikomunisti na sheria ya mwaka 1948 kuhusu majina ya makazi, na vijiji vingi vyenye majina ya watakatifu vikapewa mengine. Hiki kikawa kimojawapo.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba jina la zamani halikufa. Mwishoni mwa karne ya 19, wanaakiolojia Carlo Marchesetti wa Trieste, mji ulio leo Italia, na Josef Szombathy wa Vienna walifukua hapa maelfu ya makaburi ya Zama za Chuma, mengi yakiwa ya watu waliochomwa na majivu yao kuzikwa. Ni miongoni mwa makaburi makubwa kabisa ya zama hizo barani Ulaya. Wataalamu wakawaita watu hao na vitu vyao kundi la Sveta Lucija, na mpaka leo wanaandika hivyo. Kibao cha barabarani kimebadilika, vitabu vya akiolojia havijabadilika.

Jambo moja la kujua mapema: vitu vingi vilivyofukuliwa viko Trieste na Vienna, na mahali mito inapokutana pamekuwa ziwa tangu bwawa la umeme lijengwe miaka ya 1930. Ziwa ni zuri sana, maji ya kijani kibichi, ila bonde la kale itabidi ulijenge kichwani. Ndiyo maana nashauri uanzie makumbusho ya mji jirani wa Tolmin, uone vyombo kwa macho, ndipo uje kutembea. Naipa nyota nne kati ya tano, na nitarudi na wanangu.