Safari ya Siku Moja Kutoka Kisumu: Kit Mikayi, Ilesi na Kilima cha Lirhanda

Mwezi Aprili nilikodi gari la siku moja kutoka kwa kampuni ndogo ya usafiri mjini Kisumu, ili mimi, mke wangu, shemeji yangu na mjomba aliyekuja kututembelea kutoka Nakuru tuyaone majabali na vilima ambavyo kila mkazi wa magharibi mwa Kenya huvitaja lakini wachache wetu tumevifikia. Bei ilikuwa shilingi 12,000 kwa gari zima, pamoja na mafuta na dereva, nayo ada za kuingia tulijilipia langoni. Tangazo lao liliahidi vituo vitatu, yaani Kit Mikayi, Jiwe Linalolia la Ilesi na kilima cha Lirhanda katika Msitu wa Kakamega, tena tukiwa na mwongozaji mzoefu. Vituo vyenyewe sina neno navyo. Lalamiko langu ni la saa: kampuni iliipanga siku kichwa chini miguu juu, na hasara ya mpango huo ilitukuta jioni tukiwa kileleni.

Gari lilikuwa safi, mikanda yote ilifanya kazi, na dereva alikuwa mtu mpole asiyeshindana na matatu. Lilifika saa 2 kasorobo badala ya saa 1 asubuhi. Mwongozaji mzoefu, tulivyokuja kugundua, alikuwa dereva huyo huyo, ambaye barabara alizijua kama kiganja cha mkono wake lakini kuhusu mawe alituambia kwa unyofu kwamba yeye huwa anabaki garini.

Kit Mikayi iko upande wa Seme, kilomita zipatazo 30 magharibi mwa Kisumu, ukiiacha barabara ya Busia pale Kisian na kufuata ile ya Bondo. Picha zake haziuonyeshi ukubwa wake. Ni mawe yaliyopandana, kila moja likiwa kubwa kuliko nyumba, yamekaa juu ya mengine kwa namna inayokufanya uinamishe kichwa unapopita chini yake hata pale ambapo nafasi ipo tele. Langoni tulipata mama mmoja wa makamo anayewatembeza wageni, naye ndiye aliyeiokoa asubuhi yetu. Alitueleza kwamba jina hilo kwa Kijaluo lina maana ya jiwe la mke wa kwanza. Mzee mmoja aliyeitwa Ngeso, wanavyosimulia, alilipenda jabali hili hata akawa anashinda humo kutwa, mkewe akimpelekea chakula, na kila mama yule alipoulizwa mumewe yuko wapi alijibu kwamba amekwenda kwa mikayi wake. Mjomba alicheka, kisha akauliza kama mke huyo aliendelea kupika. "Alipika, baba," mama akamjibu bila kutabasamu, "kwani angefanyaje?"

Kisha akatuonyesha jinsi mawe yanavyosomwa kama boma: hili ni mikayi, lile la katikati ni nyachira, yaani mke wa pili, lile jingine ni rera, wa tatu, na lililojitenga mbele ni simba, ambayo kwa Wajaluo si mnyama bali ni nyumba ya kijana wa kiume. Baada ya kuelezwa hivyo huwezi tena kuyaona kama rundo la mawe. Ndiyo maana nasisitiza suala la mwongozaji, kwa sababu familia moja iliyoingia nyuma yetu bila mtu wa kuieleza ilipiga picha nne na kuondoka kabla sisi hatujafika pangoni.

Pangoni ndipo nilipokaa kwa muda mrefu zaidi. Ni uwazi kati ya mawe, wenye ubaridi wa mtungi, na ukutani masizi ya mishumaa yamepanda kwa mistari mpaka mkono usipofika. Nta iliyoyeyuka imegandana mahali pamoja tabaka juu ya tabaka, nyeupe, ya manjano na nyekundu, ikawa kama kijiwe kingine kidogo. Waumini, hasa wa Legio Maria, huja hapa kusali na kufunga, na siku hiyo walikuwepo wanawake wawili waliovaa kanzu za buluu, wameketi pembeni kimya. Mama alituomba tusipige picha upande wao, nasi tukatii. Anayekwenda huko akumbuke kwamba anaingia mahali pa ibada, avae viatu visivyoteleza, na asiwe na haraka.

Kutoka hapo tulipanda kupitia Maseno, tukaivuka ikweta bila kusimama kwa kuwa tulikuwa tumechelewa, kisha Luanda hadi Majengo. Sehemu hii haikuwamo kwenye tangazo, ilhali ingestahili kuwamo. Vilima vya Maragoli vimejaa matale makubwa, na watu wamejenga kati yake bila kuyaondoa, hivi kwamba unaona jikoni limeegemea jiwe, kamba ya nguo imefungwa kwenye mti uliopasua jiwe, na mbuzi amesimama juu ya jiwe akiangalia magari. Nilimwomba dereva asimame dakika tano na akakubali mara moja.

Chakula cha mchana sitakieleza kwa kirefu. Dereva alitupeleka kwenye hoteli aliyoizoea, tukaagiza kuku ambaye nadhani alikuwa bado anatembea tulipomwagiza, na saa moja na nusu ikapotea.

Jiwe la Ilesi liko kando ya barabara ya Kisumu kwenda Kakamega, ukishapita Khayega, na halihitaji muda mrefu. Ni nguzo ya jabali yenye jiwe la mviringo juu yake, mfano wa kichwa kilichoinama juu ya mabega, na shingoni huteremka mchirizi wa maji ulioacha alama nyeusi juu ya jiwe. Maelezo ya kawaida ni kwamba maji ya mvua hujikusanya katika ufa ulioko kati ya kichwa na mabega, kisha hutiririka kidogo kidogo. Wenyeji wana masimulizi yao kuhusu binti aliyekatazwa kuolewa na mtu aliyempenda, akageuka jiwe na kuendelea kulia. Shemeji yangu alisema anaamini yote mawili. Nusu saa ilitutosha.

Tulirudi Khayega, tukashika njia ya Shinyalu, na tulipoanza kukipanda Lirhanda ilikuwa saa 10 na robo jioni. Hapa ndipo mpango ulipovunjika. Kakamega hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na katika msimu huo wa masika mvua hiyo ina desturi inayojulikana na kila mama mboga wa Shinyalu: asubuhi ni kweupe, mchana mawingu hujikusanya, alasiri hunyesha. Tulifika kileleni pamoja na radi ya kwanza. Tulichokiona ni ukungu mweupe pande zote nne, na mjomba akiwa ameshika koti lake juu ya kichwa akiuliza msitu uko upande gani. Hakuna busara ya kukaa juu ya kilima kilicho wazi wakati wa radi, kwa hiyo tuliteremka mbio, na njia iliyokuwa udongo mwekundu ilikuwa imekwisha kuwa sabuni.

Nisingependa kukihukumu kilima kwa siku hiyo, kwa hiyo wiki mbili baadaye nililala jirani na Isecheno na kupanda alfajiri na kijana wa pale anayeongoza wageni msituni. Tulianza kwa tochi saa 11 na nusu. Jua lilichomoza upande wa miinuko ya Nandi karibu saa 12 na nusu, na chini yetu msitu ulikuwa bado bluu, ukifuka mvuke kwenye mabonde kama sufuria iliyofunuliwa, huku mbega wakianza kuitana kwa ule mngurumo wao unaosikika kama pikipiki inayokataa kuwaka. Huu ndio msitu wa mvua wa pekee uliosalia Kenya, kipande cha mashariki cha misitu iliyowahi kuungana na ile ya Kongo, na ukiutazama kutoka juu unaona wazi pia mahali unapokatika na mashamba ya chai na mahindi yanapoanza. Mwongozaji wangu alinionyesha hata mdomo wa shimo la zamani la wachimba dhahabu, kumbukumbu ya miaka ya 1930, ambalo sasa ni makao ya popo.

Niliiandikia kampuni nikapendekeza waanze na Lirhanda kwa kuondoka Kisumu saa 10 na nusu alfajiri, waende Ilesi kabla ya mchana na kumalizia Kit Mikayi, ambako hata mvua ikinyesha pana mahali pa kujikinga. Walijibu kwa heshima kwamba hali ya hewa haimo mikononi mwao, na kwamba madereva hawapendi kuamka saa hizo. Hilo la pili naliamini. Wakanipa punguzo la shilingi 1,500 kwa safari ijayo, nami nimelipokea, ila nitakubali kulipa arubuni pale tu watakapoandika saa ya kuondoka na mpangilio wa vituo kwenye risiti. Ada ya mwongozaji nitawapa wenyeji wa kila mahali wenyewe, na chakula tutakibeba kutoka nyumbani.