Mbegu za kupata ndama jike: huduma niliyoipata Njoro

Mbegu za kawaida za fahali, za kumpandikizia ng'ombe, hunigharimu shilingi 2,000 pamoja na kazi ya daktari wa mifugo. Hizi zilizochaguliwa jinsia nililipa 6,500, na kwa mtamba (ng'ombe jike ambaye bado hajazaa) mwenye afya ningelipa tena.

Bei inatokana na maabara. Kabla ya kugandishwa, mbegu za fahali hutiwa rangi iitwayo Hoechst 33342, inayoshika DNA, kisha hupitishwa mojamoja mbele ya leza. Mbegu yenye kromosomu ya X, ile inayozaa jike, ina DNA zaidi ya yenye Y kwa takriban asilimia 3.8, basi hung'aa zaidi kidogo. Mashine huitambua tofauti hiyo ndogo, hulitia umeme tone lililobeba mbegu, nalo huvutwa upande wake. Mimba ikishika, ndama jike hupatikana mara 9 kwa 10 hivi.

Ila mbegu hizo hutoka zimechoka, na mrija mmoja, kile kibomba chembamba zinamogandishiwa, huwa na kama milioni 2 tu, ilhali wa kawaida huwa na milioni 15 au zaidi. Hapo mkono wa daktari ndio kila kitu, na huyu wetu namsifu bila kusita. Mtamba wangu Waridi alianza kusimama apandwe na wenzake asubuhi, dalili kwamba yuko kwenye joto. Nikapiga simu nikitarajia aje jioni, kama tulivyozoea. "Hapana mama," akasema, "hizi haziishi sana tumboni. Nitakuja kesho alfajiri, yai likiwa karibu kushuka."

Alifika na mtungi wa naitrojeni, ile baridi kali inayotunza mbegu zikiwa zimeganda, uliojaa vizuri, akayeyusha mrija kwenye maji ya nyuzi 36 akiwa na kipimajoto na saa. Nimewahi kuona mwingine akiuyeyusha kiganjani huku anaongea na simu! Fahali naye alimchagua kwa wepesi wa kuzaa, kwa kuwa Waridi alikuwa hajawahi kuzaa.

Kilichonifanya nimwamini kabisa ni Tatu, ng'ombe wangu mkubwa anayerudia joto kila mara, yaani hashiki mimba. Nilitaka naye apewe hizi za bei. Akakataa: "Huyo tumtibu kwanza, halafu tumpe za kawaida." Angenyamaza tu, angeondoka na 6,500 nyingine.

Waridi alishika, akazaa jike bila kuvutwa.

Lalamiko langu ni kwa wanaoweka bei: ng'ombe akirudi kwenye joto, unanunua mrija mwingine kwa bei ileile, na hatari ya kutoshika kwa mbegu hizi ni kubwa kuliko za kawaida. Kwa mkulima wa ng'ombe wawili anayetegemea malipo ya maziwa ya mwisho wa mwezi, hilo linauma. Wangepunguza hata nusu kwa mara ya pili.

Mwenye mtamba wa uzito mzuri, anayeingia joto kwa mpangilio, naomba ajaribu. Mpigie daktari mapema, kwa kuwa mirija hii haikai mtungini mwake siku zote. Mimi ilibidi niagize kabla.